Hema Kwenye Vigingi vya Kaka

"Lina mlango?" baba mdogo aliuliza.

Alikuwa Mamboleo, dukani kwake, na malori yalikuwa yakipiga honi nyuma yake. Simu ya kaka yangu ilikuwa imewekwa juu ya kisiki, sauti imefunguliwa hadi mwisho, ili sote tusikie.

"Lina zipu," nikasema.

"Sijauliza zipu. Mtu akitaka kuingia anapita mahali pamoja, au anaingia popote anapotaka?"

"Mahali pamoja."

"Ulipika hapo?"

"Chai tu. Na mayai mawili."

Lori likapiga honi tena, mtu akamtukana dereva, kisha baba mdogo akasema, "Basi hiyo ni nyumba."

Mwenye mtumbwi, aliyekuwa amechuchumaa karibu nasi akitafuna kipande cha muwa, alicheka hadi akapaliwa. "Nyumba ya mayai mawili!" alisema. Kaka yangu hakucheka. Alikuwa bado ameshika mfuko wa misumari aliyotoka kununua Ahero, na jasho la mkono wake lilikuwa limeulowesha mfuko ukaanza kuchanika pembeni.

Kisiwa ninachokisema si cha ziwani. Kiko mtoni. Mto wetu unateremka kutoka milima ya Nandi, unapita kwenye miwa ya Muhoroni, unavuka uwanda wa mpunga, na karibu na ziwa unagawanyika mikono miwili kisha unakutana tena. Ardhi iliyokumbatiwa katikati ndiyo kisiwa chetu. Babu alikuwa na boma huko. Mimi na kaka tulizaliwa huko. Baba alizikwa huko, mwaka niliokuwa darasa la saba, na baada ya mazishi sikurudi shuleni. Watu hudhani niliacha kwa sababu ya karo. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua barabara ya lami inaishia wapi, nikaifuata. Nimekata miwa, nimepakia magunia Mamboleo, nimepaka rangi boti Dunga, nimechunga kuku wa mtu aliyekuwa akiniuliza kila asubuhi jina langu. Kaka alibaki.

Miaka michache iliyopita ziwa lilipanda. Wanaoishi ufukweni hawahitaji kuelezwa. Maji ya ziwa yaliuzuia mto usitoke, mto ukarudi nyuma, ukaingia nyumba ya mama hadi kwenye dirisha. Walitoka kwa mtumbwi, wao na mbuzi wanne na kabati lisilo na mlango. Kaburi la baba lilibaki chini ya maji. Maji yalipopungua, nusu ya kisiwa ilirudi, nusu ikawa mafunjo, na ndani ya mafunjo yale wakaonekana nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu kama vidole, ambaye hata mama alikuwa amemsikia tu katika hadithi za mkwe wake. Wanakijiji wakaunda kikundi. Wakasema kisiwa kiwe hifadhi, watu waje kutazama wanyama na ndege, walale kwenye mahema, warudi kwao. Bango likasimikwa: usijenge, usilime, usiwinde, washa moto penye mawe tu. Kaka akapewa koti la kijani na buti za mpira, akawa mlinzi wa mahali alipozaliwa.

Mama alipewa kona ya kukaa huku nchi kavu, nyuma ya kinu cha kusaga, kwa hisani ya watu wa kanisa lake. Kaka alipanga chumba pembeni yake. Hapo ndipo shida yake ilipoanza, na lazima niieleze, kwa sababu bila hiyo mambo yote ya hema yataonekana upuuzi.

Kwetu, kijana hujenga nyumba yake ya kwanza kwenye ardhi ya baba yake. Si chumba cha kupanga, si kwa mjomba. Akishajenga hiyo, akalala humo, mke wake akawasha moto humo, amekuwa mtu. Nyumba ile ikianguka kesho yake, haidhuru, anaweza kujenga nyingine popote duniani. Lakini asipokuwa na ya kwanza hana ya pili. Na wakubwa hutangulia. Mdogo akijenga kabla ya kaka yake, amemruka, na aliyerukwa hukwama, kila anachoshika kinalegea, mpaka jambo litengenezwe. Mwanamume mtu mzima akifa bila nyumba, watu humjengea kibanda cha majani asubuhi ya mazishi, kwa haraka, ili jeneza lipate mlango wa kupitia. Kaka aliwahi kusaidia kujenga kibanda kama hicho kwa jirani. Alikuwa na miaka arobaini na kitu sasa, na aliniambia mara nyingi kwenye simu, "Mimi sitaki nyumba ya saa tatu."

Kabla ya mafuriko alikuwa anasubiri mavuno. Baada ya mafuriko alikuwa anasubiri maji. Mke wake alisubiri naye miaka miwili katika chumba kile cha nyuma ya kinu, watoto wakikohoa unga, kisha ndugu zake wakamwambia huyo si mume, huyo ni mpangaji mwenzako. Akaondoka na watoto.

Mwaka huu kikundi kilikubali. Walimwandikia barua, ikapigwa muhuri: mlinzi aruhusiwe kujenga nyumba moja ndogo kwenye mwinuko, upande wa mkono mkubwa wa mto, ili alinde vizuri. Mwinuko ule ulikuwa uwanja wa boma letu la zamani. Kaka alinunua mabati. Alikata nguzo. Baba mdogo alishuka kutoka Mamboleo siku moja, akatembea pale kwenye nyasi, akapiga vigingi vinne chini, akarudi dukani kwake. Ujenzi ulikuwa uanze Jumamosi.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Nilikuwa Muhoroni.

Nilikuwa nimekwenda kutafuta kazi ya msimu, nikamkuta shemeji yangu karibu na mahali matrekta ya miwa yanapopanga foleni, ameweka meza ya omena, dagaa wa ziwani. Alikuwa amenona kidogo na alikuwa na dharau ileile nzuri. "Wewe bado unazunguka?" aliniuliza. "Miguu yako haijachoka kukubeba?" Kisha akamaliza kumpimia mteja, akafuta mikono, akasema kwa sauti nyingine, "Ukifika nyumbani, mwambie kaka yako. Siku atakayosimamisha hata nguzo moja, aniite. Nitakuja niwashe moto. Sitangoja mabati."

Hayo ndiyo niliyobeba. Hayo, na hema.

Hema nililipata Kibuye, kwenye marobota ya mitumba, nikabadilishana kwa redio yangu. Lilikuwa la rangi ya chungwa, na lilinuka moshi wa kuni ambazo hazioti kwetu. Fimbo yake moja ilikosekana, nikaweka mwanzi. Sijawahi kumiliki kitu kilichonifurahisha kama hicho. Nilisikia watu wanakuja kutoka mbali kulala kwenye kisiwa chetu ili waamke na ndege, nikajiambia, kwa nini wao walale na mimi nisilale.

Nilifika siku ya Jumatano, mchana. Kaka hakuwepo, alikuwa ameenda Ahero kununua misumari na bawaba. Mwenye mtumbwi, mtu niliyeogelea naye tukiwa watoto, alinitazama mimi, akatazama mzigo wa rangi ya chungwa mgongoni.

"Karibu kwenu, mtalii," alisema.

"Acha maneno, nivushe."

"Omera, ndugu yangu, hapa kuna utaratibu. Andika kwanza." Akanitolea kitabu cha wageni kutoka chini ya kiti, kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Niliandika jina, niliandika ninakotoka, Nyalenda, na mahali palipoulizwa kusudi la ziara nikaandika: kulala.

Uwanja wa mahema, ule wenye mawe ya moto, ulikuwa na maji hadi kifundo cha mguu. Nilimuuliza niende wapi. Akaonyesha kwa kasia. "Kule juu pamekauka." Nilipomuuliza baadaye kama alijua, alisema yeye ni mtu wa maji, mambo ya nchi kavu hayamhusu.

Sikupatambua. Nataka niaminiwe katika hili. Miti yote niliyoijua ilikuwa imekufa kwa maji, nyasi zilikuwa kiunoni, na mahali mama alipokuwa akianika mtama palikuwa na kichuguu. Nilikanyaga nyasi, nikapata mahali tambarare, na kumbe kulikuwa na kigingi. Nikapapasa, nikapata cha pili. Kamba zangu zilikuwa na vigingi vitatu tu vya chuma, vimepinda, na hapa mtu alikuwa ameniwekea vinne vya mti mgumu, vimepigwa vizuri, katika pembe nne. Nilicheka peke yangu kwa bahati hiyo. Nilifunga kamba zangu zote kwenye vigingi vya nyumba ya kaka yangu.

Nilipika chai na mayai. Kabla jua halijazama nilienda ukingoni kutazama mto unavyokula udongo, maana jambo hilo limenishangaza tangu utotoni: unakula kutoka chini, mahali huoni, na juu nyasi zinaendelea kusimama kana kwamba kuna ardhi. Nilichomeka kijiti hatua tatu kutoka ukingoni, nijue kasi yake. Nililala vizuri kuliko nilivyolala mwaka mzima.

Asubuhi nilimwona nzohe. Alikuwa amezama majini kati ya mafunjo, pua tu nje, na nilidhani ni kipande cha gogo mpaka pua ikapumua. Tulitazamana muda mrefu. Kisha akainuka akaondoka bila kelele, kwato zake zikitanuka juu ya matope na kutozama. Nilikwenda kupima unyayo wake kwa kiganja changu. Nilikuwa bado nimepiga magoti hapo niliposikia buti za mpira nyuma yangu.

Alikuwa kaka, na koti lake la kijani, na mfuko wa misumari.

"Habari za siku, ndugu," nikasema, nikainuka kumkumbatia. Mikono yake haikuinuka.

"Umelala wapi?"

"Pale juu."

"Pale juu wapi?"

Nikamwonyesha. Alikuwa ameshapaona, alitaka tu mimi niseme. Alitembea hadi kwenye hema, akalizunguka, akainama kwenye kila kigingi kama mtu anayehesabu mbuzi na tayari anajua mmoja hayupo. Aligusa majivu ya moto wangu. Yalikuwa bado na joto.

"Umepika," alisema.

"Nilipika. Kwani kuna nini?"

Akaketi chini, nguo zake na yote, kwenye umande.

Miiko nilikuwa naijua. Nimekulia humo kama yeye. Kama ningekuta nguzo nne na paa nisingeingia hata mvua ikinyesha mawe. Lakini sikufikiri hata kidogo kwamba kitambaa kinachoingia kwenye mfuko ni nyumba. Nilimwambia hivyo. Mwenye mtumbwi, aliyekuja kuona, akanisaidia vibaya: "Hata kwenye kitabu ameandika mwenyewe, kulala." Ndipo tukampigia baba mdogo, na yeye akauliza juu ya mlango.

Uamuzi wake ulikuwa huu. Nisilibomoe hema. Kaka alale humo siku nne, awashe moto wake mwenyewe hapohapo, ili ionekane yeye ndiye mwenye nyumba na mimi nilipita tu. Siku hizo nne mimi nisilale chini ya kitu chochote kisiwani, hata mwavuli. Baada ya hapo ajenge. "Kwa hiyo si Jumamosi," kaka alisema. "Jumatatu," baba mdogo akasema. "Siku mbili zinakuua? Umengoja miaka." Kisha mteja akamwita, akakata.

Nilipaswa kumpa ujumbe wa mke wake wakati ule. Nilifungua mdomo. Lakini alikuwa amenipa mgongo, anatoa vitu vyangu hemani kimoja kimoja na kuviweka kwenye nyasi, soksi zangu, sufuria yangu, kama mtu anayefukuza mpangaji, na nikasema moyoni, ngoja hasira ipoe.

Siku ya kwanza tulizungumza mara moja tu. Kaka ni mrefu, na miguu yake ilitokeza nje ya zipu akiwa na buti zake. Mwenye mtumbwi alimwamkia, "Bwana mwenye nyumba, umelalaje?" na nilimsikia kaka akijibu kutoka ndani, "Kwa kukunjwa."

Nilienda kutazama kijiti changu. Hakikuwepo. Nikachomeka kingine, mbali zaidi, na safari hii nilimwambia. Alisema mto unakula kila mwaka na kuacha kila mwaka, na kama ningekaa nyumbani ningejua.

Siku ya pili alilegea. Alifagia kuzunguka hema kwa tawi, mpaka udongo ukaonekana. Akaniita. "Njoo uone." Akanionyesha, akitembea ndani ya vigingi vile, mahali kitanda kitakapokuwa, mahali watoto watalala, dirisha litakaloangalia mafunjo ili aone nzohe bila kutoka. Alikuwa na mpango wa kila kitu. Alisimama pembeni mwa ukuta usiokuwepo, akasema, "Na hapa jiko lake. Moshi utoke huku, usimwingie machoni. Anapenda kulalamika juu ya moshi." Alisema hivyo akitabasamu, akiwa hanitazami.

Hapo. Hapo hasa ndipo ningesema. Nimerudi mahali hapo mara nyingi kichwani kuliko mahali pengine popote nilipowahi kwenda.

Lakini wageni walikuwa wamefika. Familia kutoka Kisumu, Wahindi wa duka la vifaa, baba na mama na bibi mzee wa sari nyeupe na chupa tatu za chai. Kaka alivaa koti lake vizuri akawapokea. Aliwaonyesha korongo, mdiria, nyayo za kiboko, akieleza kwa Kiswahili kizuri ambacho sikujua anacho. Bibi yule aliona hema akauliza ni la mgeni gani. Kaka alisema, "Ni langu, Mama. Ni nyumba yangu." Wote wakacheka kwa upole, naye akacheka, na nikaona kwamba yeye hakuwa anatania. Bibi akaniuliza, "Na huyu?" Kaka akasema, "Huyu kibarua. Omera, hebu bebea Mama kikapu."

Nilikibeba. Kilikuwa na sambusa, na walinipa mbili. Nilizila nikiwa nimesimama, na niliamua kwamba ujumbe utangoja mpaka siku ya nne, siku nitakapokuwa si kibarua. Ni uamuzi mdogo. Ulinichukua muda wa kumeza sambusa.

Siku ya tatu haikuwa na wingu hata moja. Nakumbuka kwa sababu mama alivuka mchana huo kutuletea ugali na mboga za kienyeji, na alikuwa amejifunika khanga kichwani kwa jua. Alikaa kivulini mwa hema, akagusa kitambaa chake, akasema nyumba ya mwanawe wa kwanza ni laini. Tulikula. Kaka alikuwa na furaha. Alisema kesho kutwa mabati yatavuka, mtumbwi mmoja, safari tatu, na mwenye mtumbwi akasema safari nne, na wakaanza kubishana.

Mimi ndiye niliyeona rangi ya maji. Huko juu mvua ilikuwa imenyesha, Nandi, Tinderet, mahali ambapo hatuoni. Maji yalikuja yakiwa ya kahawia nzito kama uji wa wimbi, yamebeba majani ya miwa na mizizi, na hayakuwa na kelele. Nilienda kwenye kijiti changu cha pili. Hakikuwepo. Nilipopiga hatua nyingine nilihisi ardhi inaitikia kwa chini, kama ngoma, na nikarudi nyuma.

"Kaka," nikasema, "toka hapo."

"Unaanza."

"Toka na mama."

Ufa ulitokea kati ya hema na moto. Ulikuwa mwembamba, ungeweza kuuziba kwa kidole. Mwenye mtumbwi alimnyanyua mama kama gunia akamshusha upande wa pili, mama akimtukana. Mimi na kaka tukashika hema. Nilitaka kukata kamba, yeye alikuwa anafungua mafundo moja moja, kwa vidole, taratibu, hataki vigingi vitikisike. "Kata!" nilimwambia. Hakutaka. Tulifungua mawili. Kisha kipande cha mwinuko kikaondoka chenyewe, kizima, nyasi zake zikiwa zimesimama, na vigingi viwili juu yake, kikateremka mtoni kama mtu anayeketi. Kamba zilikatika zenyewe. Tulianguka nyuma na hema juu yetu.

Hakikuwa kipande kimoja. Mchana wote ulivyoendelea viliondoka vingine, kila kimoja kwa wakati wake, na sisi tukirudi nyuma na kukaa, tukirudi na kukaa. Mimi nilikuwa nahesabu muda kati ya kimoja na kingine. Sijui kwa nini ninasema hilo, ila ni kweli, nilikuwa nahesabu. Kigingi cha tatu kilienda. Cha nne kilining'inia ukingoni kwa mzizi wa nyasi, ncha chini, na kaka alikitazama mpaka kikadondoka. Jua lilipoanza kupungua, pale palipokuwa uwanja wa boma la babu palikuwa mto. Kilichobaki cha kisiwa kilikuwa mafunjo, na mafunjo hayashiki nguzo. Hatuna ardhi nyingine. Baba hakuacha nyingine.

Mama ndiye aliyesema wa kwanza. Alisema ashukuriwe Mungu mabati hayajavuka. Alinigeukia akasema, "Wewe umemwokolea mabati," na nadhani alitaka kunisaidia.

Kaka alikuwa amekaa na mfuko wa misumari kati ya miguu. Aliutoa hemani, msumari haukupotea hata mmoja. Alisema polepole, kwa Kijaluo, halafu akarudia kwa Kiswahili kana kwamba mimi ni mgeni: "Afadhali ingejengwa ikaanguka."

Nilielewa. Leo ilikuwa Jumamosi. Kama nisingekuja, nguzo zingekuwa zimesimama tangu asubuhi. Mto ungezichukua, na mabati pengine, na asingekuwa na kitu. Lakini angekuwa mtu aliyekuwa na nyumba kwa baba yake, na mto ukaichukua. Mtu huyo anaweza kununua kipande kidogo Ahero au Kibos, akaanza upya, na hakuna mwenye kumcheka. Sasa alikuwa mtu ambaye hakuwahi. Na pa kujenga hiyo ya kwanza hapakuwepo tena.

"Lakini umelala humo," nikasema. "Siku mbili. Umewasha moto. Baba mdogo alisema ni nyumba."

"Bila mke?" aliuliza. "Nani aliwasha? Mimi. Mwanamume akijiwashia moto peke yake, hiyo ni nyumba ya nani?"

Ndipo nikamwambia. Sikuwa na mahali pengine pa kuuweka ujumbe ule. Nilimwambia nimemwona Muhoroni, anauza omena, watoto wazima. Alisema siku ukisimamisha hata nguzo moja umwite, atakuja awashe. Hatangoja mabati.

Alinitazama. Ni safari ya muda mfupi tu kutoka Muhoroni, wewe ukipata gari la asubuhi unafika kabla ya chakula cha mchana. Nilimwona akiipima safari hiyo.

"Alisema lini?"

"Kabla sijaja."

"Kwa hiyo ulikuja nayo."

"Nilikuja nayo."

"Jana ulikuwa nayo. Nilipokuonyesha jiko."

Mama alijifunika khanga usoni. Mwenye mtumbwi aliondoka kwenda kumwaga maji kwenye mtumbwi wake, ambao haukuwa na maji.

Kaka alisimama. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alilitandaza hema kwenye nyasi, akalipangusa matope kwa kiganja, upande mmoja kisha wa pili. Akalikunja. Alilikunja vizuri kuliko nilivyowahi kulikunja mimi, pembe kwa pembe, akitoa hewa kwa goti, akavunja ule mwanzi katikati ili uingie. Akaufunga mfuko. Akaniwekea mikononi.

"Chukua nyumba yako," alisema.

Mwenye mtumbwi alinivusha bila mzaha hata mmoja. Hema lilikuwa mapajani mwangu, bado na joto la mchana. Tulipofika ng'ambo aliinama, akatoa kile kitabu cha wageni chini ya kiti, akakifungua kwenye nailoni yake, akanyoosha mkono nusu. Kuna safu ya kujaza unapoondoka. Aliitazama, akanitazama, akakifunga tena akakirudisha chini ya kiti.